Kasyoka na Kamba ya Jinja

Kule Nuu, upande mkavu wa Ukambani, alikozaliwa Kasyoka, mtu akikuuliza una mbuzi wangapi, unajua ama ni mgeni ama ana nia mbaya. Mbuzi hawahesabiwi. Watoto pia hawahesabiwi. Ukiwataja kwa idadi umewaanika kwa macho yasiyoalikwa, na kabla ya msimu kwisha utasikia mmoja hayupo. Baba yake, mzee Nthiwa, alikuwa na mbuzi wa kujaza boma, na hata mkewe hakuwahi kusikia wako wangapi. Jioni alisimama langoni, akalaza fimbo chini kama kizingiti, akawaacha wapite mmoja mmoja huku akiwaita kwa sura zao.

"Mwenye soksi. Sikio moja. Mjane. Binti ya Mjane. Yule wa kukohoa."

Akifika mwisho alisema, "Yule mwekundu aliyezaa juzi hajaingia," na Kasyoka akatoka mbio kuelekea korongoni.

Mwaka mmoja wa kiangazi, Kasyoka akiwa darasa la nne, mzee alisimama langoni vile vile, akaita, akaita, halafu fimbo ikainuka na kumzuia mbuzi mmoja mweusi mwenye tumbo jeupe. "Huyu simjui," alisema. Mama akacheka. Mbuzi weusi wenye tumbo jeupe walikuwa humo ndani tele, na mwaka ule, mwaka wa kula mizizi, nani angemkataa mbuzi aliyejileta? Kesho yake alfajiri baba na binti walimfunga kamba shingoni wakatembea mpaka kisimani, alikopiga kambi Ugas, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa akipeleka kundi lake mnada wa Mwingi. Ugas alimtazama yule mbuzi, akamtazama mzee. Hakuwa amejua kwamba amepotewa. Aliwapa maziwa ya ngamia, wakanywa, wakarudi.

Njiani Kasyoka, miguu ikiwaka, aliuliza kwa nini hawakumwacha tu abaki. Baba alijibu bila kugeuka: "Kumjua wako ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumjua asiye wako."

Hilo ndilo somo alilotoka nalo Nuu. Shule aliishia darasa la saba. Aliolewa na Nzioka, fundi seremala wa Kikima, akahamia milima ya Mbooni, mahali pa mashamba ya matuta, kahawa, parachichi na baridi ya asubuhi iliyomfanya alie mwaka wa kwanza mzima. Alipata kazi ya kupika katika shule ya sekondari ya wasichana iliyo juu ya soko. Alipika muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kuondoa ganda na kuchemshwa na maharagwe, katika sufuria ambayo mtu mzima angeoga ndani yake. Wasichana hakuwahesabu. Kila msichana alipopita dirishani aliangusha punje moja ya haragwe kwenye bakuli, na Kasyoka alijua kwa kuwatazama ni nani hajala. "Yule wa Tawa mwenye pengo hajapita. Ni mgonjwa ama amenuna?" Walimu walicheka, mpaka siku moja yule wa Tawa mwenye pengo alipopatikana bwenini akitetemeka kwa malaria. Baada ya hapo hawakucheka tena.

Kriketi ililetwa na Mwalimu Kitheka. Mwalimu alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya kuhubiri, na mchezo huo alikuwa ameuona akiwa chuoni Nairobi, akishika ukuta wa klabu moja ya Wahindi na kuchungulia. Alirudi nyumbani akiwa ameugua ugonjwa wa kriketi. Nzioka alimchongea vijiti vya wiketi na gongo la kwanza la kupigia mpira. Uwanja ulichimbwa kwa majembe kwenye mteremko nyuma ya jikoni, na kwa sababu mlima ni mlima, upande mmoja wa uwanja unaisha ghafla na mpira ukipigwa huko unashuka kwenye mashamba ya watu.

Mchezo wenyewe si mgumu kama watu wanavyosema. Wapigaji wawili husimama kila mmoja upande wake wa njia fupi. Mmoja akiupiga mpira, wote wawili hukimbia kubadilishana nafasi, na kila wakibadilishana huo ni mkimbio mmoja. Mpira ukivuka kamba ya mpaka ni mikimbio minne, na ukiivuka ukiwa hewani ni sita. Mpigaji akiwa nje ya mstari wake na vijiti vilivyo nyuma yake vikaangushwa, ametoka. Mrushaji hurusha mara sita, hiyo ni ova moja. Pembeni kwenye meza hukaa waandishi wawili wa alama, mmoja wa kila timu, na kazi yao ni kuandika kila mpira uliorushwa na kilichotokea. Mwamuzi akionyesha ishara, mwandishi huinua mkono kusema ameiona.

Kasyoka aliingia kwenye meza hiyo kwa bahati. Mwaka 2011 mwalimu wa hesabu aliyepangiwa kuandika alipatwa na homa, na Mwalimu Kitheka alikuja jikoni akihema, akamwita kwa jina la bintiye. "Mama Mutanu, wewe unaona kila kitu. Njoo uone na huku."

"Mimi sihesabu, Mwalimu."

"Usihesabu. Andika tu kila mpira unavyopita."

Akaandika kila mpira unavyopita. Kwake ova ilikuwa lango, na mipira sita ilikuwa sita wanaoingia, kila mmoja na sura yake. Huyu aliruka juu ya bega. Huyu alilala. Huyu alipigwa akaenda kwa mparachichi. Jioni hiyo, akikoroga uji, alimsimulia Nzioka mchezo mzima mpira kwa mpira, na Nzioka akaweka randa chini akamtazama kama mtu aliyeoa mke wa pili bila kujua.

Mchezo huo wa 2011 ndio ulioanzisha vita. Mwalimu Kitheka alikuwa amekwenda Jinja, Uganda, kwenye semina ya makocha, na chakula kilipomnogea alijitapa kwamba msichana wa Ukambani aliyekua akifukuza ndege kwenye mtama kwa mawe ana mkono ambao hakuna mtoto wa mto Naili anaweza kuustahimili. Kocha wa shule moja ya huko akamwambia maneno hayachezi. Wasichana wake wakaja Kikima kwa basi, siku mbili njiani, wakashinda.

Kikima haikuwa na kombe la kuwapa. Lakini mpaka wa uwanja ulikuwa umezungushiwa kamba ya mkonge iliyosokotwa na mama mkwe wa Kasyoka, Kalondu, pamoja na akina mama wa kanisa, kiangazi kizima, mita mia tatu na zaidi, nene kama mkono wa mtoto. Nahodha wa Jinja aliitazama akasema, "Tupeni hii." Wakaikunja, wakaifunga juu ya basi wakaondoka nayo. Afisa wa forodha mpakani Busia aliuliza ni bidhaa gani. Wasichana wakamjibu kwa pamoja: "Ni ushindi!"

Tangu hapo wanakutana kila Agosti, mwaka huu Kikima, mwaka ujao Jinja, wakigombea kamba hiyo. Anayeshinda anakaa nayo mwaka mzima, na mwandishi wa timu iliyoshindwa ndiye anayepiga fundo. Mafundo ya ushindi wa Jinja yako ncha moja, ya Kikima ncha nyingine. Mchezo ukiwa sare, kamba inabaki kwa aliyekuwa nayo. Mutanu, binti pekee wa Kasyoka, ambaye sasa ni muuguzi katika mji wa Wote, alicheza miaka mitatu ya mwanzo na kuirudisha kamba nyumbani 2013. Nzioka alifariki 2015, wiki mbili kabla ya mchezo, na Kasyoka alikaa mezani na kitambaa cheusi kichwani akaandika mipira yote bila kukosea hata mmoja, kwa sababu mezani angalau kila kitu kilichopita kilikuwa na mahali pa kuandikwa.

Pembeni yake, mwaka baada ya mwaka, alikaa Naigaga, mwandishi wa Jinja, mwanamke mnene mwenye vidole vyembamba, mshonaji wa sare za shule. Kiswahili chake alikipata Busia akiuza vitambaa. Walikuwa maadui kwa utaratibu mzuri. Kila ova ikiisha mmoja aliuliza, "Mko ngapi?" mwingine akajibu, na kama ni sawa waligawana karanga. Hata 2019, mwaka mbaya kuliko yote, waliulizana.

Mwaka huo Kikima walihitaji mikimbio miwili washinde, mpira ukiwa wa mwisho na wapigaji wengine wote wakiwa wametoka. Mpigaji wao wa upande wa pili alitoka mstarini mapema ili akimbie vizuri. Mrushaji wa Jinja akasimama katikati ya kurusha, akageuka, akaangusha vijiti. Ametoka! Uwanja ukalipuka. Mapera yaliruka kutoka kwa mashabiki, na mchungaji ikabidi aombe kwa kipaza sauti. Liban, mwamuzi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwingi, mtu mtaratibu asiyependelea hata kivuli chake, alisema tu, "Sheria inaruhusu."

"Huo ni wizi!" Mwalimu Kitheka alilia.

"Mlango ukiachwa wazi, kuku anaingia," alisema Naigaga bila kuinua kichwa.

Kasyoka aliandika kilichotokea. Akapiga fundo la Jinja akiwa amekaza meno. Ikaja korona, miaka miwili bila mchezo, zamu zikaanza upya Kikima, na Jinja wakashinda 2022 na 2023. Kamba ikawa haijalala Ukambani kwa muda mrefu hata wasichana wa sasa wakawa wanaijua kwa hadithi tu.

Mwaka 2024 basi la Jinja lilipanda mlima wa Kikima siku ya Ijumaa, kamba juu yake kama nyoka aliyeshiba. Wasichana wa Jinja walitoa vichwa madirishani wakiimba:

"Wakamba bila kamba! Wakamba bila kamba!"

"Tuliwaazima tu!" Katunge, nahodha wa Kikima, aliwajibu. "Kesho mnarudisha, na asante hatutaki!"

Naigaga alishuka na kifuko kipya cha ngozi. Ndani yake mlikuwa na tableti. Shule yake ilikuwa imeletewa na wafadhili, alisema, na sasa hakuna tena penseli. Unagusa tu, inajumlisha yenyewe. Mwalimu Kitheka aliizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Jumamosi asubuhi alimfuata Kasyoka jikoni.

"Mama Mutanu, nisikilize vizuri. Kamati ya michezo imeona ile mashine. Wanataka tununue."

"Wanunue."

"Wanasema kitabu ni cha zamani. Nimekutetea. Lakini tumeafikiana hivi: leo kitabu chako na ile tableti vikikubaliana, unaendelea. Vikipishana hata kwa mkimbio mmoja, mwaka ujao ni mashine peke yake."

Kasyoka alifunika sufuria. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mumewe alikuwa kaburini, binti alikuwa Wote, na Nuu alirudi tu kwa mazishi. Mahali pengine popote alikuwa mpishi. Pale mezani ndipo mtu alipohitaji macho yake.

"Vikipishana," alisema, "hiyo mashine itakuwa imekosea."

Hakusema kwa majivuno. Alisema vile mtu anavyosema maji yanashuka.

Jinja walipiga kwanza. Walifunga mikimbio tisini na saba katika ova zao ishirini, na waandishi wote wawili walikubaliana, ingawa safari hii hakuna aliyemuuliza mwenzake katikati. Naigaga alikuwa ameinamia kioo chake, ulimi nje kidogo, akigusa, akifuta, akigusa tena. Kasyoka naye aliona aibu kuuliza mashine. Karanga zilikaa katikati ya meza, hazijafunguliwa.

Kisha Kikima wakaanza kufukuza. Walihitaji tisini na nane. Katunge alisimama kama mti. Jua lilikuwa kali, upepo ukipanda kutoka bondeni, na mara mbili mpira ulishuka kwenye matuta ya kahawa na mashabiki wakaufuata wakiteleza. Ova ya kumi na mbili, wapigaji wakiwa Katunge na Mumbua, msichana mwembamba wa kidato cha pili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Ubao wa chaki, ulioandikwa kutoka kitabu cha Kasyoka, ulipanda polepole. Ova ya kumi na sita tableti iliganda, kioo kikawa cheupe, na Naigaga akaipiga kofi mgongoni huku akinong'ona kwa Kisoga mpaka ikaamka.

"Imezirai!" msichana mmoja wa Kikima akapiga kelele. "Mpeni maji!"

Mpira wa mwisho ulipofika, ubao ulionyesha tisini na saba. Mkimbio mmoja tu. Mrushaji alikuja mbio. Mumbua, upande wa pili, alibaki ndani ya mstari mpaka mpira ulipotoka mkononi, kwa maana 2019 haikusahauliwa. Katunge aliusukuma tu, taratibu, kushoto, akalia, "Njoo!" Wakapishana. Gongo la Katunge likalala mstarini kabla ya vijiti kuanguka.

Tisini na nane. Uwanja ukafurika. Akina mama walipiga vigelegele, mchungaji aliruka, na wasichana wanne walikuwa tayari wameishika kamba wakiivuta kuelekea jikoni, pale ilipokuwa ikihifadhiwa zamani.

"Ngojeni!" Naigaga alikuwa amesimama. Aliinua tableti juu. "Hapa ni tisini na saba. Ni sare!"

Kelele zilikufa kipande kwa kipande. Sare ilikuwa na maana moja: kamba inarudi Jinja.

Liban alitembea mpaka mezani, akavua kofia, akatazama kitabu, akatazama kioo. Alijumlisha kitabu mara mbili. Jumla ilikuwa sawa, tisini na nane. Alijumlisha kwenye kioo. Tisini na saba.

"Hiyo kitu ilizirai mbele ya watu wote," alisema Mwalimu Kitheka. "Sisi sote tumeona. Ova ya kumi na sita. Imemeza mkimbio wetu!"

"Haikumeza," alisema Naigaga, lakini sauti yake haikuwa na uhakika, akamgeukia Kasyoka na kumwita mama kwa lugha ya kwao. "Nyabo, mimi nagusa, inaandika. Inaniambia jumla. Hainiambii kwa nini."

"Mwamuzi," Mwalimu alisema, "kati ya mashine ya kuzirai na mama wa miaka kumi na tatu mezani, utamwamini nani?"

Liban alijipangusa uso. "Simwamini mtu yeyote. Nataka mtu anieleze. Nani anaweza kunieleza tofauti iko wapi?"

Kasyoka aliinuka. Magoti yalitoa sauti. Hakuwa na hofu hata kidogo, na watu waliokuwepo walisema baadaye kwamba alionekana mrefu. "Chukua kitabu, mwamuzi," alisema. "Kishike wewe. Mimi nitawaita."

"Utaita nini?"

"Mipira. Mmoja mmoja, vile waliingia. Wewe ufuatilie kwa kitabu na Naigaga afuatilie kwa mashine. Asiyekubali, aseme."

Alisimama mbele ya meza, uso kwa uwanja, akafumba macho. Alianza.

"Wa kwanza alipita nje, hakuguswa. Wa pili, Katunge alimgonga na ncha, akafia miguuni pake. Wa tatu alienda alikokaa mwalimu wa dini, wakakimbia mmoja. Wa nne alimpiga Wayua, mwenzake Katunge, kwenye paja, Wayua akasema jina la Bwana." Kicheko kidogo kikapita. "Wa tano akavuka kamba pale penye jiwe jeupe. Minne. Wa sita akalala."

"Sawa," alisema Liban, kidole juu ya ukurasa.

"Sawa," alisema Naigaga.

Ova ya pili. Ya tatu, Wayua alipotolewa akatoka akipiga nyasi kwa gongo. Ya nne. Watu walikaa chini pale pale kwenye nyasi. Wasichana wa Jinja walisogea, mmoja akiwatafsiria wenzake kwa kunong'ona, na kila Kasyoka alipotaja mpira waliitikia kwa vichwa, kweli, ndivyo, yule aliyeruka kama chura. Mrushaji wao mmoja, aliyesikia ova yake ikisimuliwa nzima, alifunika uso akacheka. Hakuna aliyekuwa amewahi kurudishiwa mchana wake namna hiyo. Mwalimu Kitheka alikuwa akitabasamu sasa, mikono kiunoni, akiingojea ova ya kumi na sita kama mtu angojeaye ugali.

Walifika ya kumi na mbili.

"Wa kwanza, Mumbua alimkwepa. Wa pili, mmoja, kwa mparachichi. Wa tatu..."

Katika giza la macho yake aliona mpira wa tatu ukitoka kwenye gongo la Katunge, chini, mrefu, kuelekea mteremkoni. Aliona wasichana wakikimbia, wakapishana, wakageuka, wakapishana tena. Mara mbili. Alimwona Mumbua akigeukia mkimbio wa pili akiwa bado hajafika, gongo likikata hewa mbali na mstari. Na alimwona Liban, baada ya mpira kutulia, akikunja mkono na kugusa bega lake kwa ncha za vidole. Mkimbio mfupi. Asiyegusa mstari hakufika, na mkimbio huo hauhesabiwi. Kasyoka alikuwa ameinua mkono kuonyesha ameona. Aliinua mkono, kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka kumi na tatu: aligeuza shingo kuchungulia kioo cha Naigaga, aone kama mashine imeona kama yeye. Na penseli, ikiwa haina mwenyewe, ikaandika kile miguu ilikimbia. Mbili.

Alifumbua macho. Kitabu kilisema mbili, na Liban alikuwa amekishika, akingoja kusikia mbili. Kioo kilisema mmoja, lakini kioo kilikuwa kimezirai mbele ya watu, na mwenye kioo mwenyewe hakujua kwa nini. Liban alikuwa ametoa ishara mia moja mchana huo na uso wake haukukumbuka kitu. Kamba ilikuwa tayari mikononi mwa wasichana. Kiti kilikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kukigusa.

Mbuzi mweusi mwenye tumbo jeupe, kati ya weusi wengi wenye matumbo meupe.

"Wa tatu," alisema Kasyoka, "walikimbia mara mbili, lakini mmoja si wetu. Mumbua hakugusa mstari. Mwamuzi alishika bega. Mimi niliinua mkono, halafu nikaandika vibaya. Ni mimi nilikosea."

Liban aliinamia ukurasa, akatazama mbili ile, akatazama juu, na polepole mkono wake ukakunjika wenyewe, vidole vikagusa bega, kama mwili unaokumbuka kabla ya kichwa. "Kweli," alisema. "Wallahi, kweli."

Mumbua alikuwa akilia, akimwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, ni kweli. Nilidhani hakuna mtu ameona."

"Nilikuona, mtoto. Nyamaza."

Alisimama vile vile akaendelea mpaka mwisho, ova zote nane zilizobaki, kwa sababu kuwaita nusu si kuwaita. Ya kumi na sita ilikuwa sawa pande zote mbili. Hakukuwa na tofauti nyingine. Tisini na saba kwa tisini na saba.

Mwalimu Kitheka alikaa kwenye nyasi. "Mama Mutanu," alisema kwa sauti ndogo, "si ungepita tu?"

"Ningempitisha wapi, Mwalimu? Langoni niko mimi."

Wasichana waliachia kamba. Katunge aliirudisha mwenyewe, akiiburuta, akawatupia wenzake wa Jinja miguuni. "Chukueni. Lakini leo msiimbe."

Hawakuimba. Walisimama wakitazamana, na jambo gumu likajitokeza ambalo utaratibu wa miaka yote haukulipangia: hakuna aliyeshindwa, basi nani apige fundo? Na ncha gani? Naigaga ndiye aliyeamua. Alizima tableti, akairudisha kwenye kifuko, akavuta kamba mpaka akaifikia katikati yake kwa kukisia, akamkabidhi Kasyoka upande mmoja. Wakapiga fundo pamoja, mmoja akipitisha, mwingine akivuta, wakitukanana kwa sauti ya chini kuhusu nani anakaza vibaya. Kasyoka alivuta mara ya mwisho, mguu ukiwa juu ya mkonge. Lilikaa.

"Nyabo," Naigaga alisema, akifungua karanga mwishowe, "mashine yangu ilikuwa na jibu. Haikuwa na habari."

"Na mimi nilikuwa na habari, nikaacha jibu nikichungulia kwako. Tungeulizana kama zamani, tungelimaliza jambo hili ova ile ile."

"Mwaka ujao nitakuuliza."

"Mwaka ujao," alisema Kasyoka, "kwanza waulize kama nitakuwepo."

Alisema bila kumtazama Mwalimu, akabeba meza ya waandishi kuirudisha jikoni. Mwalimu Kitheka alikuwa ameinuka. Alimfuata, akashika meza upande wa pili, wakaibeba pamoja kupita kwenye mlango ambao siku zote ulikuwa mwembamba. Ndani aliona kitabu cha alama juu ya gunia la mahindi, akakifungua. Mwandiko ulikuwa umefika ukurasa wa mwisho kabisa. Kwa penseli, pembeni ya ova ya kumi na mbili, Kasyoka alikuwa amekata mbili akaandika moja, na chini yake akaweka jina lake lote, ili asije mtu akadhani ni mwingine.

Huko nje wasichana wa timu zote mbili walikuwa wakibishana ni nani alirusha ule mpira wa chura.

"Kamati nitawaambia vilipishana," alisema Mwalimu. "Sitawaficha. Halafu nitawaambia nilichokiona, na hicho hawana mahali pa kukinunua." Alifunga kitabu. "Hiki kimejaa. Agosti ijayo tunaenda Jinja, na huko ova si chache. Nikuletee cha kurasa ngapi?"

Kasyoka alifunua sufuria, mvuke ukampanda usoni. Nje ya dirisha foleni ilikuwa imeanza, Kikima na Jinja wamechanganyika, kila mmoja na haragwe lake mkononi.

"Mimi sihesabu, Mwalimu," alisema. "Leta kinene."